KIINGEREZA CHA KARATASI HAKIMTETEI MFANYAKAZI

Ndugu wafanyakazi,

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mishahara, likizo, nyumba na saa za kazi. Leo naomba nafasi niandike habari za shule, na hasa habari za somo la Kiingereza katika shule za sekondari. Labda msomaji atauliza: chama cha wafanyakazi na somo la Kiingereza vina uhusiano gani? Nitajibu kwa kisa kimoja ambacho mimi mwenyewe nilikishughulikia, ndipo niseme neno langu.

SHAURI LA STOO

Kijana mmoja, mwanachama wetu, alikuwa akifanya kazi stoo katika kiwanda ambacho sitakitaja. Alikuwa amemaliza Kidato cha 4, na katika cheti chake Kiingereza alipata B. Usiku mmoja vipuri vikaibwa. Asubuhi mlango ulikutwa wazi, na kufuli halikuvunjwa. Kijana akaitwa mbele ya wakubwa watatu. Aliambiwa kwamba ana haki kuja na mwenzake au mjumbe wa chama, akasema hahitaji mtu. Akaulizwa ataka kusema kwa lugha gani. Akachagua Kiingereza. Baadaye alinieleza sababu yake: aliona haya. Mtu mwenye cheti kuomba Kiswahili mbele ya wakubwa wale, aliona ni kujishusha.

Meneja akamwuliza kwa Kiingereza swali ambalo maana yake ni hii: "Wewe hukufunga stoo jana?" Kijana akajibu, "No, sir." Moyoni alikuwa akisema vile sisi sote tusemavyo: "La, bwana, sivyo, nilifunga." Kwa Kiswahili ukiulizwa "Hukufunga?" nawe ukajibu "La," umelikataa neno la yule aliyeuliza. Lakini kwa Kiingereza "no" katika jibu kama lile maana yake ni "Sikufunga." Basi karani akaandika kwamba mfanyakazi amekiri. Kijana akaulizwa kama ana neno la kuongeza. Alikuwa nalo, tena mengi, lakini maneno hayakuja. Akasema hana. Akapewa karatasi, akatia sahihi. Siku ya tatu akapewa barua ya kufukuzwa.

Alipofika ofisi ya tawi nikaisoma ile karatasi, kisha nikamwuliza kwa Kiswahili, "Kijana, ulifunga au hukufunga?" Akasema, "Nilifunga, mzee. Ufunguo nilimpa askari wa lango, akaandika kitabuni." Tukaomba tuonyeshwe kitabu. Saa ilikuwamo, na sahihi ya askari ilikuwamo. Ikaonekana tena kwamba kulikuwa na ufunguo wa pili mikononi mwa watu wengine. Lakini maneno ya karatasi ni magumu kufuta mtu akisha kuyatia sahihi. Shauri lilichukua wiki 7. Kijana alirudishwa kazini, na mshahara wa wiki zile akalipwa nusu. Kodi ya nyumba alikuwa ameikopa.

Siku moja katika wiki zile nilimwuliza, "Huko shuleni hamkufundishwa maswali ya namna hii?" Hakujibu. Alichukua kalamu, akaniandikia sentensi 5 za maswali ya kukanusha na majibu yake, zote sawasawa. Akasema kwamba katika mtihani hakupata kukosa hata moja.

Ndugu zangu, hilo ndilo jambo lililonifanya niandike. Kijana huyu hakuwa mjinga. Alikijua Kiingereza kwa mkono wake, lakini hakukijua kwa kinywa chake. Aliposimama mbele ya watu watatu wenye uwezo wa kumnyima mkate, mkono haukumsaidia kitu.

MTIHANI WA KUSEMA UNAOANDIKWA

Tutazame jinsi somo hili lilivyopimwa chini ya 8-4-4, utaratibu ulioanza mwaka 1985. Mtihani wa KCSE wa Kiingereza una karatasi 3. Ya kwanza ina alama 60, ya pili 80, na ya tatu 60. Jumla ni alama 200. Katika karatasi ya kwanza zimo alama 30 za ustadi wa kusema. Mtu akisikia hivyo atafikiri kwamba mtoto huitwa mbele ya mwalimu mgeni, akaulizwa, akajibu. Hapana. Hizo alama 30 za kusema hupatikana kwa kalamu, ndani ya chumba ambamo ni marufuku kufungua kinywa.

Mtoto huandika neno linalotamkwa sawa na neno jingine. Hutaja herufi isiyosikika. Hujaza mazungumzo ya watu wawili yaliyoachwa mapengo. Huandika jinsi mtu anavyojitayarisha kwenda kuulizwa maswali ya kazi. Yote hayo ni mema kuyajua. Lakini fundi hapimwi kwa kuandika namna ya kushika nyundo. Dereva hapewi leseni kwa sababu ameandika vizuri jinsi ya kukata kona. Hupewa gari, akaambiwa endesha.

Wengine watasema kwamba kuwapima watoto kwa kinywa nchi nzima ni kazi isiyowezekana. Nami nawauliza: mbona katika KCSE hiyo hiyo Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu vina karatasi ya kusema, ambapo mtoto huketi na mtahini akaongea naye? Najua kwamba wanafunzi wa lugha hizo ni wachache sana, na wa Kiingereza ni watahiniwa wote. Kazi ni kubwa zaidi, nakubali. Hata hivyo ni jambo la ajabu kwamba mtoto wa Kenya hupimwa kinywa katika lugha ya Paris, asipimwe kinywa katika lugha atakayoulizwa nayo siku ya kuandikwa kazi na siku ya kufukuzwa kazi. Tena hapimwi kinywa hata katika Kiswahili chake.

Na mahali ambapo mtihani hautazami, mwalimu naye hawezi kutazama sana. Simlaumu mwalimu. Mwalimu ni mfanyakazi mwenzetu, na vyama vyake ni ndugu za vyama vyetu. Kipindi kimoja cha sekondari ni dakika 40. Darasa likiwa na watoto 50, kila mtoto akipewa nafasi ya kusema na mwalimu asiseme neno lolote, fungu la kila mmoja ni sekunde 48. Basi mwalimu afanye nini? Huandika ubaoni, watoto wakanakili. Hata vitabu vya fasihi hufundishwa hivyo hivyo. Miaka iliyopita watoto wetu walisoma mchezo wa "A Doll's House" wa Henrik Ibsen, habari za mke aliyeghushi sahihi ya baba yake ili apate mkopo. Ni mchezo uliotungwa usemwe kwa sauti jukwaani, na una funzo kubwa kwa mfanyakazi juu ya uzito wa sahihi. Lakini watoto wangapi walipata kuusema? Wengi waliandika tu orodha ya wahusika na tabia zao.

MANENO MACHACHE YANAYOUMIZA

Mtu asidhani kwamba kile kisa cha "no" ni cha peke yake. Nitataja mengine matatu ambayo mjumbe yeyote wa chama huyaona.

La kwanza ni neno "sorry". Mwenzetu akianguka, sisi husema "pole", hata kama tulikuwa mbali naye. Maana yake ni kwamba twamwonea huruma. Vijana wetu hulitafsiri neno hilo wakasema "sorry". Lakini mgeni aliyezoea Kiingereza cha kwao aweza kulisikia kama kukiri kosa. Ajali itokeapo mashineni, mtu akasema "sorry" mara tatu, kesho yake aweza kusikia kwamba alikubali kuwa yeye ndiye aliyesababisha.

La pili ni maneno madogo ya mkataba, "shall" na "may". Katika mkataba "shall" kwa kawaida ni lazima, na "may" ni hiari. Tajiri akiandika kwamba "may" kulipa nauli ya usiku, hajaahidi kitu. Watu wengi hutia sahihi wakifikiri wameahidiwa.

La tatu ni neno "inflammable" lililoandikwa katika mapipa. Mtoto amefundishwa kwamba maneno mengi yanayoanza na "in" ni ya kukanusha, naye akafikiri kwamba kitu hiki hakishiki moto. Kumbe maana yake ni kwamba kinashika moto upesi. Kwa sababu ya hatari hiyo viwanda vingi siku hizi huandika "flammable". Lakini mapipa ya zamani yangaliko, na moto hausubiri mtu atafute kamusi.

Mambo haya hayafundishwi kwa kukariri kanuni peke yake. Hufundishwa kwa watu wawili kukabiliana, mmoja akauliza, mwingine akajibu, wakakosea, wakacheka, wakarudia. Hayo ndiyo mawasiliano. Lugha ni njia ya kupitisha neno kutoka moyo mmoja kwenda moyo mwingine bila kupotea njiani.

HAYA NA WOGA

Kuna jambo jingine ambalo ni baya kuliko upungufu wa mazoezi. Ni haya. Yule kijana hakushindwa na Kiingereza peke yake. Alishindwa na haya ya kuomba Kiswahili, na haya ya kusema, "Bwana, sikuelewa, rudia."

Haya hiyo imetoka wapi? Wengi wetu tunaijua. Tulivishwa kibao shingoni shuleni kwa sababu tulisikika tukisema lugha ya mama. Watu wengine hukiita "disk", wengine "monto". Aliyekuwa nacho alikuwa mpelelezi mpaka ampate mwingine wa kumvisha, na mwisho wa siku wote waliopita nacho waliadhibiwa. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza habari za adhabu ya namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1986, "Decolonising the Mind". Na kibao hakikuisha na ukoloni. Wazazi wengi katika chama hiki watakuambia kwamba watoto wao wamekivaa.

Kibao kile chafundisha nini? Walimu wengine hufikiri chafundisha Kiingereza. Mimi naona chafundisha mambo mawili. Jambo la kwanza ni kwamba lugha ya mama yako ni kosa. Jambo la pili ni kwamba njia ya salama ni kunyamaza. Mtoto asiyejua neno kwa Kiingereza hawezi kulisema kwa lugha nyingine, basi hunyamaza. Miaka 8, miaka 12, ananyamaza. Kisha twashangaa kwamba akiwa mtu mzima ananyamaza mbele ya meneja! Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi, iwe kwa mwili au kwa akili. Kumtundika mtoto kibao cha aibu shingoni ni kumdhalilisha. Chama na kiseme hivyo wazi.

Na sisi wazazi tujihukumu wenyewe. Mtoto akikosea Kiingereza nyumbani, twamcheka. Akisema Kiingereza cha puani, twamwita mzungu. Kwa vyovyote vile tumemfunga kinywa.

WAZEE WETU WALIVYOTUMIA LUGHA

Wako ndugu wasemao kwamba Kiingereza ni lugha ya mkoloni, tuiache. Nawaheshimu, maana najua uchungu wao. Lakini tukumbuke jambo moja. Walikuwako masetla wengi ambao hawakupenda kabisa Mwafrika awajibu kwa Kiingereza. Walitaka asikie amri kwa Kiswahili kibovu cha shambani, wala asisome barua zilizo juu ya meza. Basi Kiingereza kilikuwa kama ghala iliyofungwa. Wazee wetu hawakuichoma ghala. Waliingia wakatwaa walichohitaji.

Makhan Singh alichapa matangazo ya chama kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo, kwa kuwa alijua wafanyakazi ni watu wa lugha nyingi. Mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947 uliendeshwa kwa mikutano ya hadhara pale mahali palipoitwa Kiwanja cha Maskini, na nguvu yake ilikuwa ni watu kuelewana. Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya katika mji wa Nairobi, kisha mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1955 alikwenda Ruskin College kule Oxford kusoma. Watu humsifu mpaka leo kwa Kiingereza chake. Lakini Kiingereza kile hakikuwa pambo la kifuani. Kilikuwa chombo cha kazi. Wafanyakazi aliwahutubia kwa Kiswahili, na matajiri na serikali alijadiliana nao kwa Kiingereza, kila mmoja akasikia kilichokusudiwa.

Baada ya Uhuru, tume ya elimu ya Profesa Ominde, mwaka 1964, ilikubali Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Uamuzi huo una wanaoupenda na wasioupenda. Lakini tukisha kuamua kwamba mtoto wa kibarua atafundishwa kwa lugha hiyo, ni dhuluma kumfundisha nusu yake tu, ile nusu ya kujibu mtihani, na kuwaachia watoto wa matajiri nusu ya kusema. Maana wao huipata nyumbani na katika shule za karo kubwa, ambako darasa lina watoto 20 na midahalo hufanywa kila wiki. Hapo ndipo tofauti inapoingia. Watoto wawili wana B katika vyeti vyao. Mmoja asema, mwingine ameandika. Kazi yampata nani?

SHERIA INASEMA NINI

Ninaposema tujifunze Kiingereza cha kinywa, sisemi tuache haki ya Kiswahili. La, hasha. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, yasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza, zote mbili. Kiswahili si mgeni ofisini.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ina vifungu viwili ambavyo kila mwanachama avijue kama ajuavyo jina lake. Kifungu cha 9 kinasema kwamba mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyeelewa lugha ya mkataba au masharti yake, lazima tajiri amfafanulie mkataba huo kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 41 kinasema kwamba kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa ajili ya utovu wa nidhamu, kazi duni au udhaifu wa mwili, lazima tajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama amchaguaye. Tena lazima tajiri awasikilize wote wawili.

Tazameni basi. Yule kijana alikuwa na haki zote mbili mkononi. Aliambiwa habari zake waziwazi. Akaziacha zote mbili kwa sababu shule ilimfundisha kwamba kusema Kiswahili ni dalili ya kutosoma. Sheria ilimpa mlango, na haya ikamfungia.

Ndiyo maana nasema mambo haya mawili hayagombani. Mtu aliyefundishwa lugha kama njia ya mawasiliano hajui tu kusema Kiingereza. Anajua pia ni wakati gani Kiingereza chake hakitoshi, naye husema bila woga, "Hapa naomba tuseme Kiswahili." Huo ndio werevu wa lugha. Aliyefundishwa lugha kama cheo ndiye hawezi kufanya hivyo.

TUFANYE NINI

Malalamiko bila shauri ni kelele. Haya ndiyo ninayoyapendekeza kwa chama chetu.

1. Tuiombe Wizara ya Elimu na baraza la mitihani kwamba ustadi wa kusema upimwe kwa kusema, katika Kiingereza na katika Kiswahili. Darasa la mwisho la 8-4-4 lilifanya KCPE mwaka 2023. Mtaala mpya wa umilisi, ulioanza mwaka 2019 katika madarasa ya chini, unataja umilisi 7, na wa kwanza kutajwa ni mawasiliano na ushirikiano. Neno hilo ni zuri. Twataka tulione likifanya kazi katika sekondari ya juu, lisibaki katika jalada la kitabu. Ikiwa mtahini wa nje hatoshi, mwalimu wa darasa apime kila muhula kwa kipimo kimoja kilichokubaliwa, na wakaguzi wapite.

2. Katika mazoezi ya kusema, yaingizwe mambo ya maisha ya kazi. Mtoto ajifunze kujibu simu, kueleza ajali ilivyotokea hatua kwa hatua, kulalamika kwa adabu, kukataa kutia sahihi mpaka asome, na kujitetea mbele ya baraza. Mtaala tayari una barua, kumbukumbu za mikutano na matangazo. Ni vyema. Sasa mkutano wenyewe ufanywe darasani kwanza, ndipo kumbukumbu ziandikwe. Na sentensi ya kwanza ya kufundishwa iwe ile ya kusema, "Sikuelewa, tafadhali rudia."

3. Kibao cha aibu kiondolewe katika kila shule. Wanachama walio katika bodi za shule na vyama vya wazazi walisimamie jambo hili. Atakayeambiwa kwamba ni desturi ya shule, aijibu desturi hiyo kwa sheria ya mwaka 2013.

4. Tushirikiane na vyama vya walimu wanapodai walimu zaidi. Dai lao ni dai letu. Darasa la watoto 50 haliwezi kufundisha mtu kusema, hata mwalimu awe malaika.

5. Kila tawi litenge saa moja kwa wiki, jioni au Jumamosi, kwa zoezi la kusema. Hatuhitaji fedha nyingi. Vijana waliotoka sekondari wana maneno ya Kiingereza, na wazee wa chama wana ujasiri wa kusimama mbele ya tajiri. Wabadilishane. Mmoja awe meneja, mmoja awe mshtakiwa, mmoja awe mjumbe, mmoja aandike. Kisha lisomwe lililoandikwa, tuone kama ndilo lililosemwa. Mara ya kwanza watu watacheka. Mara ya nne hawatacheka tena.

6. Vifungu vya 9 na 41 vichapwe kwa Kiswahili chepesi, karatasi moja, vibandikwe katika kila ubao wa matangazo.

NENO LA MWISHO

Ndugu zangu, kuna msemo wa wazee kwamba ulimi hauna mfupa. Sisi wafanyakazi twajua kwamba ulimi usiozoezwa waweza kuvunja mifupa ya mwenyewe. Mkono wa mfanyakazi umejenga reli, bandari, barabara na viwanda vya nchi hii. Mkono huo umeandika mitihani pia, ukashinda. Sasa tukiache kinywa kiende shule.

Yule kijana yungali kazini. Siku hizi ndiye anayeongoza zoezi la Jumamosi katika tawi letu. Kila mwanachama mpya akija, humwuliza kwa Kiingereza kama hakufunga mlango. Karibu wote hujibu "no". Naye huwaambia, "Keti, ndugu, tuanze hapo."

Umoja ni nguvu.

Ni mimi mwenzenu katika kazi,
Mjumbe wa Tawi